Mayi mu kichwa ya Tata Dessin

Banyi bote munashika nyundo leo mu atelier ya Tata Mwepu, musicheke: mi niko retraité. Najua mu kichwa yenu retraité ni muzee wa ndebu nyeupe, anaikala inje na radio. Mi niko na miaka makumi tatu na mbili. Lakini nilipiga mukuba, ile shaba yetu, miaka kumi na tano, na masikio yangu ilikufa mbele yangu. Docteur alichoka kunipigia makelele, akaandika pa karatasi: «Acha nyundo, ao kisha kidogo hautasikia hata camion ikikuyia nyuma.» Njo nikaacha. Sasa nauzishaka rangi na misumari ku quincaillerie ya shemeki yangu, na kila siku kuko mutu anaingia, haombe rangi, haombe musumari, anauliza paka kitu moja tu: «Ni we ulikaushaka machozi ya Tata Dessin?»

Ndiyo, ni mi. Nilichoka kujibia mutu moja-moja. Naandika yote mu cahier hii, munasoma, tunamaliza.

Mbele ya yote mufahamu kazi, juu naona bamoja kati yenu banapiga kama banapondaka sombe. Mukuba haiko nguvu ya mukono. Ni masikio. Tôle mupya, ile bati ya mukuba, ukiigonga na kidole, inatoa sauti ya chini, kama mutu anaamuka na hataki. Ukiipiga, inakauka, na sauti inapanda. Unapiga tena, inapanda tena, mpaka inalia sawa kengele ya masomo. Pale simama! Tia ku moto mpaka ikuwe nyekundu kidogo, tumbukiza mu mayi, italegea, unaendelea. Mwenye hasikie ile kengele anaongeza nyundo mbili, na tôle inapasuka. Na mukuba ikipasuka pa shavu ya mutu, hakuna soudure ya kuunganisha itaficha.

Mi naijua juu ya tembo. Tembo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, sahani ya kutundika ku ukuta, nilikuwa bado mu humanités, masomo ya sekondari, nafanya kazi kisha masomo. Nilikuwa na haraka. Mulomo murefu ya tembo ikapasuka katikati. Tata Mwepu akachukua ile sahani, akaitundika yulu ya mulango, kwenye kila muteja anaingilia. Nikamuomba aishushe. «Apana,» akasema, «ibakie. Siku utajua kungojea, itashuka yenyewe.»

Iko bado pale. Mutaiona.

Tata Mwepu, bamoja kati yenu mulimukuta paka mu picha. Alikuwa mufupi, shingo nene, macho ilianza kuharibika juu ya soudure. Alikuwa na sheria moja alituimbia kila siku, na naiandika vile aliisemaka, banisamehe bamama benye watasoma: «Kila kitu yenye iko na tumbo, upatie pa kukojolea.» Ni kusema: ukifanya kitu ya mukuba yenye iko wazi mu ndani, ikuwe nyama, ikuwe mutu, ikuwe mutungi, mvua itaingia. Usiseme haitaingia. Inaingia. Sharti uiachie tundu ku chini. Bila tundu, mayi inaikala, na kama mu ndani kuko chuma, chuma na mukuba mu mayi moja, chuma njo inakulwa.

Kisha kuko Tshibangu. Tulianza juma moja, ye na mi. Kwao ni ku Kasai, nkambo, babu yake, njo alikuya kutumika mu mine, lakini ye alizaliwa hapa Kolwezi kama mi. Huyu mutu anaangalia uso yako mara moja, kisha anageuka, anaitosha mu tôle na ile alama ya kidonda yako ya utoto. Mi, uso ilinikatala. Nikifanya uso, mama yangu mwenyewe anauliza kama ni kondoo. Mi nilikuwa wa nguo, mikono, mikanda, biatu. Biatu yangu, unaweza kuhesabu kamba, unaona kwenye kisigino inaisha juu huyu mutu anatembeaka vibaya. Lakini munijibu: nani anaangaliaka biatu ya monument?

Sasa Tata Dessin. Alikuwa architecte. Jina ya kweli iko pa jiwe, muende musome, lakini muji muzima ulimuita Tata Dessin juu hakutokaka bila karatasi ya kukunja chini ya kwapa, na kofia ya ukingo mukubwa. Ye njo alichora marché, na masomo zile zenye matundu ya yulu ya kutosha joto inje, na ile baraza pana ya mbele yenye leo kila mutu anakopia bila kujua ni ya nani. Hata kwetu Kasulo tuliikopia. Batu balichimba cobalt chini ya vyumba byabo, nyumba zikainama, kuta zikapasuka, na baraza ya Tata Dessin inabakia imesimama. Nyumba ya muzazi wangu ni vile: unakunywa chai inje muzuri kabisa, mu ndani hauingie.

Alipokufa, comité ya muji ikasema sharti sanamu pa rond-point, pale njia zote zinazungukia. Ya kwanza haikufanywa na shiye. Atelier ingine iliifanya na ciment, bakaipaka rangi ya zahabu. Siku ya kuifungua, bakatosha kitambaa, na Mama Béatrice, mutoto wake wa kwanza, akaiangalia sana.

«Huyu ni nani?»

«Mama, ni baba yenu.»

«Baba yangu hakukuwaka na mashavu. Tulikuwa batoto tisa pa meza.»

Batu bakacheka mpaka préfet ya masomo akainama. Ile sanamu haikukawia. Camion ya minerais ikarudia nyuma, ikaipiga, kichwa ikaviringika mpaka pa mama mwenye anauzishaka mikate pale. Hakuna mutu alilia. Njo comité ikakuya kwa Tata Mwepu: abafanyie ya mukuba, mutu muzima, murefu kupita mulango.

Ile asubuyi Tata Mwepu akatuita, Tshibangu na mi.

«Macho yangu inaisha,» akasema. «Hii njo kazi yangu ya mwisho. Mwenye ataimaliza muzuri, nitamuachia nyundo zangu na ufunguo ya mulango.» Akatuangalia moja-moja. «Tshibangu, uso. Ilunga, mwili, shingo na biatu.»

Biatu!

Bandugu, nitawaambia kweli, sina tena haya: miezi yote ya ile kazi nilikuwa na wivu kama mutu ana homa. Nilikuwa naamuka nayo. Nikikula bukari, naiona mu sahani. Tshibangu alikuwa anaikala kwenye dirisha, kwenye mwangaza muzuri, uso imelala mu goudron, ile lami ya kuishikilia, mbele yake, na kila mutu anaingia anamuendea. Mi niko mu kona na suruali ya Tata Dessin.

«Tshibangu,» nikamurushia siku moja, «ile pua ni ya baba yako ao ya muzee?»

«Ni ya kwenu, ndugu. Njo mana inasikia harufu ya wivu mpaka huku.»

Bote bakacheka. Na mi nikacheka. Meno tu.

Siku ya mubaya kupita yote ilikuwa siku Mama Béatrice alikuya kuangalia. Akaingia na kikapo yake, akaona ile uso. Akavuta ndoo, akageuza, akaikala yulu yake. Akatia mukono pa shavu ya mukuba, polepole, kama unapimaka mutoto homa.

«Baba,» akasema.

Mi nilikuwa nyuma yake mètre mbili, na mikono ya baba yake, vidole kumi, kila kucha mahali yake. Hakugeuka.

Kisha akapanguza macho na akauliza: «Na kofia? Baba hakutokaka bila kofia.» Tata Mwepu akakubali. Kofia ikaongezwa nyuma, wakati kichwa ilikuwa imekwisha, ikapigwa rivets ku kichwa. Musikie banyi benye munajifunza: kitu unaongeza nyuma haishikane muzuri kama kitu ulifikiri mbele. Kati ya kofia na kichwa kulibakia njia nyembamba. Mayi haiombe njia kubwa.

Mwili ulikuwa yangu, kwa hiyi shingo pia. Nilitia sahani ya mukuba kufunga shingo, ili kichwa iikale yulu yake, imekazwa na bulons, zile bolti. Bulons zilikuwa za chuma, hatukupata zingine. Pale mu ile sahani njo sharti utoboe tundu, ili mayi ya kichwa ishuke mu mwili, ya mwili ishuke ku biatu, ya biatu itoke inje. Courant ilikuwa imekatika, nikachukua chignole, ile mashine ya kutobolea ya kuzungusha na mukono. Nilikuwa nayo tayari. Mèche, ile ncha yake ya kutoboa, ilikuwa pa alama.

Na pale inje nasikia, juu wakati ile nilikuwa bado nasikia, Mama Béatrice anasema: «Tshibangu, mwanangu, kuya tupige picha na baba.» Bakapiga picha: ye, Tshibangu, na uso. Tata Mwepu pia. Hakuna mutu aliniita.

Nikaweka chignole chini. Nikasema mu roho: kichwa ni ya Tshibangu, mayi ya kichwa pia ikuwe yake.

Ku kisigino ya kushoto nilitoboa muzuri kabisa, juu kisigino ilikuwa yangu.

Tukasimamisha sanamu mu wakati ya jua. Hotuba, fanfare, batu bakapiga mikono, bakamuita Tshibangu ku mbele. Mi nilikuwa nashikilia ngazi.

Mvua ya kwanza ikapita bila kitu. Ya pili pia. Kisha mvua ya tatu, ile ya mchana yenye inakuya na nguvu na inaacha mara moja, mama wa mikate akatosha kichwa chini ya parasol yake, akapiga kelele: «Tata analia! Batu bangu, Tata Dessin analia!»

Nikakimbia kama bengine. Ni kweli. Pa kona ya jicho ya kushoto, kwenye Tshibangu alipigaka tôle nyembamba sana ili ipate kope na ikabakia na ufa kidogo, mayi ilikuwa inatoka. Tone, kisha ingine, inashuka pa shavu, inapita pa mustari ya mulomo. Mvua ilikuwa imeacha zamani. Jua inawaka. Na ye analia.

Bandugu, muji ulikuya. Batu ba Kasulo bakasema: analia juu tulichimba chini ya nyumba. Batu ba motos bakasema: analia juu ya matundu ya njia. Mama moja akasema analia juu ya mume wake yeye, mwenye hakurudia nyumba, na hakuna mutu alimukatalia. Bengine bakaleta bougies, mishumaa ya kuwasha. Na Mama Béatrice akaleta kiti na parapluie, mwavuli wake. Kila mvua ikianza, atafika, ataweka kiti chini kabisa ya uso, na ataikala. Nilimusikia anasema polepole: «Nyamaza, Baba. Nyamaza, niko hapa.»

Na Tshibangu? Batu ba radio bakamuuliza alifanya aje. Akaangalia chini kama bibi-arusi. «Mukono inafanya,» akasema, «mi nafuata tu.»

Nilitaka kumupiga na ngazi.

Mufikiri mbele kidogo! Ile tundu nilimunyima ili aharibikiwe, na ile tundu njo ilimupatia jina. Machozi ilikuwa yangu! Mi njo nilifanya ile machozi, na ubaya yangu mwenyewe, na siwezi kusema. Sijui kama kuko wivu ya mubaya kupita hiyi, ya kuonea mwenzako wivu juu ya zambi yako. Na Tata Mwepu akaanza kusema mbele ya batu: siku ya mungu yenye inakuya, kisha misa, atamupatia Tshibangu nyundo.

Ile juma comité ikaomba mutu apande akatoshe mavi ya ndege. Nikapanda mi. Nikafika pa shingo, nikagonga kichwa na kidole, vile nilifanyaka maisha yote. Sikusikia kitu. Nikafikiri ni masikio yangu, ilikuwa tayari imeanza kuenda. Nikaweka kiganja pa shavu na nikagonga tena. Hapo njo nikafahamu. Mukuba ya wazi inatetemeka mu mukono sawa ndege. Ile haikutetemeka. Ilikuwa nzito, imekufa, kama bidon ya kujaa. Nikaangalia pa kola: mustari nyekundu-nyeusi ilikuwa inatoka kwenye bulons. Kutu. Kichwa ilikuwa imejaa mayi mpaka ku macho, na ilikuwa yulu ya bulons zenye zinakulwa kila siku.

Nikaangalia chini. Alama ine ya miguu ya kiti ya Mama Béatrice ilikuwa mu bulongo, chini kabisa ya kidevu.

Nikashuka, nikakimbia kwa Tshibangu.

«Kichwa imejaa,» nikamuambia.

Hakuinua macho. «Najua.»

«Unajua?»

«Niligonga siku ya kwanza. Mi niko na masikio.» Akaweka nyundo. «Na we, tundu ya shingo uliacha juu ya nini? Uliisahabu?»

Nikainua nyundo yake, nikaiweka tena.

«Ah,» akasema. «Ile siku ya picha.»

Tukaangaliana. Mara ya kwanza tulifanana, ye na mi, kama biatu mbili.

«Ngojea tu juma hii,» akasema, na sauti yake ilikuwa ingine. «Ilunga, ndugu yangu, siku ya mungu atanipatia nyundo. Kisha tutapanda wote mbili, tutatoboa, hakuna mutu atajua.»

«Na kama mvua ikinyesha mbele ya siku ya mungu?»

«Bulons zilishika mpaka leo.»

Nitasema kweli mpaka mwisho. Kulikuwa mahali mu roho yangu kwenye nilitaka kungojea pia. Si kwa kumusaidia ye. Nilitaka kichwa ianguke mbele ya bote, uso yake ya muzuri ipasuke sawa tembo yangu. Niliiona. Ilikuwa tamu. Kisha nikaona kiti.

Nikaenda kwa Tata Mwepu, nikamuambia yote. Alikuwa anaikala pa baraza, miguu mu jua. Alisikia mpaka mwisho. Akauliza paka moja, na aliiuliza mu sikio yangu, ili nisikie muzuri:

«Chignole ilikuwa mu mukono?»

«Ilikuwa, Tata.»

«Mu mukono.» Akafunga macho. «Ungesema ulisahabu, ningesamehe mbio. Mu mukono!» Akavuta miguu ku kivuli. «Enda utoboe. Leo, saa sita, batu bakuwe wengi. Bakuone.»

Nikapanda saa sita. Wingu lilikuwa limeanza kusimama, batu balikuwa tayari banakuya na bougies, Mama Béatrice pa kiti yake. Nikamuomba asogee. Akasogea kidogo. Nikamuomba tena. Nikatia mèche murefu nyuma ya shingo, chini ya kola, nikazungusha polepole, kiganja pa mukuba ili nisikie na mukono kwenye masikio haisikie. Batu balikuwa banapiga makelele, sikusikia banasema nini. Tshibangu alikuya, akashika ngazi.

Mèche ikapita. Kichwa yote ikatetemeka mara moja mu mukono yangu, kama mutu anapumua. Na mayi ya miezi yote ikashuka mu mwili, ikashuka mu suruali niliifanya mi, ikatoka ku kisigino ya kushoto, nyekundu ya kutu, na nguvu.

Mutu moja mu batu akapiga kelele, baliniambia kisha: «Tata anakojoa!»

Muji muzima ukacheka. Bamama ba bougies hawakucheka, moja akanitupia bulongo, ilinipata pa mugongo. Ku jicho, kwisha. Hata tone.

Mama Béatrice akakuya chini ya ngazi, akaangalia mayi inapita kati ya biatu yake. Akangojea nishuke. Akasema karibu, nilisoma mulomo yake:

«Ilikuwa machozi ao ilikuwa mayi?»

«Ilikuwa mayi, Mama. Juu yangu.»

Akainamisha kichwa. «Hakuliaka mbele yetu hata siku moja. Hata siku Mama alikufa.» Akakunja kiti. «Ungeningojea kidogo, mwanangu.»

Kesho yake tulishusha kichwa, Tshibangu na mi, tukatosha bulons. Moja ilivunjika mu vidole, sawa biskuti.

Nyundo, Tata Mwepu alimupatia Tshibangu. Apana ile siku ya mungu, alimungojesha mwaka. Alisema: «Alinyamaza, lakini anasikia. Atelier inaomba mutu anasikia.» Mi alinipatia chignole. Iko ku quincaillerie, nyuma ya makopo ya rangi nyeupe. Siiuzishe.

Sasa Tshibangu njo mukubwa wenu. Mumusikilize, anajua. Akiwaambia uso ni kazi ya mwisho, ya bale banafika, muitike «ndiyo, Tata», kisha mutoboe matundu yenu yote, ya mwili na ya kichwa, hata ya kichwa ya mutu hamumupende. Na mukiona wivu inafika na chombo iko mu mukono, mumalize kutoboa, kisha muone wivu. Wivu inangojeaka. Yangu inangojea bado: nikipita pa rond-point na naona batoto banapiga picha na ile uso, naongeza mwendo.

Lakini kuko kitu moja. Mvua ikinyesha, Mama Béatrice anakuyaka bado. Hana tena kiti. Anaangalia uso kidogo. Kisha anazunguka nyuma, anainama na parapluie yake, anatia kidole ku kisigino ya kushoto, anangojea mpaka mayi ipite yulu ya kidole, na anaenda.

Nilimuona mara ine, niko chini ya baraza ya marché. Tshibangu hajui. Musimuambie. Ile ikuwe yangu.